Moshi wa Neema

Jumanne, 10 Julai 2001. Dzaleka, kambi ya bakimbizi.

Siku kubwa. Kanisa zima limenipigia makofi mpaka mabati yakalia.

Sababu njo hii. Charlotte, binti wa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, anaolewa Jumamosi ya tarehe 21 kule Biwi, mjini Lilongwe. Bwana arusi ni Gaspard, fundi cherehani, mtu wa Uvira, kijana mwenye adabu na masikio makubwa. Leo mchungaji aliuliza bibi arusi atafikaje Biwi. Bantu bakatazama viatu vyao. Mi nikasimama. Nikatangaza kwamba atapelekwa na gari ya baba yake mudogo. Yaani mimi, Lwaboshi. Yaani Neema.

Neema njo pikapu yangu ya mazutu, dizeli kama banavyosema huku. Mhindi mmoja wa Old Town alinipa bure, ili tu nimuondolee uani kwake. Ana umri. Ana mlango mmoja unaofunguka. Anatoa moshi kidogo, hasa akitembea.

Katika ukoo wetu, binti hafikishwi kwa mume na mkono wa mwingine. Bantu bake wenyewe njo banamupeleka mpaka mlangoni. Baba yake Charlotte alibaki kwetu Fizi, vita vikatukata katikati, na tangu mwaka juzi hatujui kama iko hai. Siku tuliyokimbia alinishika bega, akaniambia huyu mtoto nimufikishe mi mwenyewe. Nikaapa. Basi nitamfikisha.

Nje ya kanisa nikakutana na jirani yangu Mahamudu, mfanyabiashara wa Kindu, mwenye gari dogo jeupe linalong'aa kama sahani ya wageni. Akanipongeza. Halafu akauliza, kwa sauti tamu, kama Neema amepita kontrole ya moshi. Ati siku hizi polisi ba barabara kuu banasimamisha kila gari, na lisilokuwa na stika ya moshi kwenye kioo linageuzwa lilikotoka. Nikamjibu bila shaka amepita, zamani.

Hajapita. Sikujua hata kwamba moshi una kontrole.

Jumatano, 11 Julai.

Charlotte alikuja na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo. Akaniambia mchungaji wa Biwi anasafiri kwenda Zambia Jumamosi ile ile mchana, harudi mpaka Septemba. Arusi ni saa nne asubuhi. Akichelewa, ni kungoja Septemba. Anaomba kitu kimoja tu, afike saa nne. Gari yoyote kwake ni sawa.

Halafu akasema shangazi yake Gaspard, Mama Annuarite, amejitolea kumkodi Mahamudu. Nikakataa kabla hajamaliza sentensi. Mahamudu! Wale bantu ba Biwi baje kumchukua mtoto wetu kama gunia la mchele, na mi nasimama pembeni napunga mkono? Charlotte akasema sawa, baba mudogo. Alisema taratibu sana. Nadhani alifurahi.

Ijumaa, 13 Julai.

Mahamudu ameanza vita. Aliniita kwake, akaniwekea chai ya tangawizi, akanieleza kontrole ya moshi inavyokwenda, kwa sababu yeye anaipita kila mwaka. Unafika asubuhi, unajipanga kwenye mstari. Unashusha mizigo yote. Banatazama oili. Banatazama kama bomba la moshi limetoboka. Halafu unakanyaga mafuta mpaka chini, unaachia, mara tatu, na mkaguzi anashika kadi yenye rangi kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, analinganisha na moshi wako. Ukipita kijivu, unarudi nyumbani bila stika.

Akanishauri nibadilishe oili, nisafishe chujio la hewa, na siku yenyewe nimkimbize Neema barabarani, ili afike moteri ikiwa moto.

Ikiwa moto! Mtu anataka gari isitoe moshi, anaambiwa aitie moto kwanza. Hata mtoto wa kunyonya anajua moshi unatoka wapi. Nikaona mchezo wake wote pale pale kwenye chai. Anataka nishindwe, ili Charlotte apande gari lake jeupe. Nikamshukuru sana, nikaomba chai nyingine, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Mke wangu Nadège akasema nifanye alichosema Mahamudu. Rafiki yangu Dieudonné akasema nisifanye. Nimemfuata Dieudonné. Kule Uvira alikuwa anatengeneza redio, kwa hiyo moteri anaielewa.

Na zaidi, mi kontrole naijua. Nilikuwa napita barabara ya Uvira na Baraka wakati kila kona ilikuwa na barrière yake ya kufunga njia na wenye bunduki bake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua moteri yangu. Kontrole si gari. Kontrole ni mtu. Unajua kusalimia, unajua kucheka, unajua kulia shida kidogo, unajua jina la shemeji ya komanda. Nimeandaa kostime, suti yangu ya kanisani, kravati ya shingoni, picha ya Charlotte na Fanta mbili. Nadège ameuliza kama naenda kukaguliwa au kuposa.

Jumatatu, 16 Julai.

Tumetoka na baridi ya asubuhi, mi na Dieudonné. Nilimuendesha Neema pole pole, moteri isipate joto. Kabaza mmoja, wa kubeba abiria, alitupita na baiskeli yake, nyuma amebeba mama na mbuzi. Mbuzi alitutazama muda mrefu. Polisi balitusimamisha, nikabaambia tunaenda kwenye kontrole yenyewe. Bakaturuhusu upesi, na leso puani.

Kwenye uwanja wa ukaguzi, mstari mrefu. Nikafunga kravati upya. Mkaguzi ni mama mmoja mwenye koti la kazi, mfupi, mtulivu, wenzake banamuita Mai Kamtukule. Nikashuka, nikainama, nikaanza. Salamu za bakimbizi bote. Uzuri wa Malawi. Amani ya Malawi. Zikomo nyingi, asante za kwao, mbele na nyuma. Akangoja nimalize, kama mtu aliyejikinga mvua chini ya baraza. Kisha akaniomba niingie nikanyage mafuta.

Nikamuonyesha picha ya Charlotte. Akasema ni msichana mzuri, nikanyage mafuta. Nikatoa Fanta. Akasema hanywi akiwa kazini, nikanyage mafuta. Mwisho nikataja shemeji ya komanda wa Uvira. Akawauliza wenzake. Hakuna aliyemjua.

Nikakanyaga.

Sitaki kuandika sana. Aliinua kadi yake, akatafuta rangi ya Neema kutoka nyeupe mpaka nyeusi, akaigeuza kutazama nyuma. Akaniomba radhi, akasema pepani, Bambo, rangi hii kwenye kadi haipo.

Akanieleza bila hasira. Badilisha oili, safisha chujio la hewa, njoo moteri ikiwa moto. Maneno yale yale! Dieudonné akanitazama, nikamtazama. Kumbe Mahamudu alifika huku kabla yetu, akamfundisha.

Kinachoniuma ni kwamba yule mama hakunitazama usoni. Kwetu askari angenigombeza, angenitukana, tungeelewana. Huyu alitazama bomba la nyuma tu. Kostime yangu hakuiona kabisa. Tumekunywa Fanta wenyewe njiani, mi na Dieudonné.

Jumanne, 17 Julai.

Furaha imerudi. Dieudonné ameamka na sayansi.

Gari, anasema, lina moshi wa kiasi chake, kama gunia la makaa. Unaumwaga wote siku moja. Halafu huwashi tena mpaka mbele ya mkaguzi. Utatoka wapi? Nilimkumbatia. Tulicheza kidogo pale pale jikoni, Nadège akatutoa na mwiko.

Mchana tukampeleka Neema kwenye kiwanja cha mpira, tukaweka tofali juu ya kikanyagio cha mafuta, tukakaa mbali. Utukufu! Moshi ulitoka kama umefunguliwa jela. Batoto bakapiga kelele za furaha, halafu bakaacha, kwa sababu ya kukohoa. Mechi ilikuwa inaendelea. Golikipa wa Barundi alifungwa mara mbili bila kujua ni nani aliyemfunga. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya nyimbo za arusi pale karibu. Sauti za juu zikakatika kwanza, za chini zikajikaza kidogo, kisha nazo kimya. Nguo alizoanika Nadège zimekuwa za msiba.

Nsabimana, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja mbio na ndoo ya maji. Alipoona hakuna moto aliniuliza kama nina akili. Nikamjibu ndiyo, na Dieudonné pia.

Charlotte akaja, kitenge kimefunika pua. Akauliza kama haiwezekani tumuache Mama Annuarite amkodi tu Mahamudu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gunia linakaribia kuisha. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akabaki kunitazama na yale macho ya baba yake. Nikajifanya nakagua tairi.

Jumatano, 18 Julai.

Neema amelala. Nimekataza mtu yeyote kumgusa. Nimemfunika blanketi asipate baridi wala joto. Nadège ameuliza blanketi gani. Letu.

Baridi kali sana.

Alhamisi, 19 Julai.

Tatizo lilikuwa kufika Lilongwe bila kuwasha. Nikalimaliza. Dereva wa trekta aliyekuwa anapeleka tumbaku mnadani alikubali kutuvuta na kamba, kwa ajili ya sufuria ya sombe ya Nadège. Tukaenda nyuma ya tumbaku kama bafalme. Mi kwenye usukani, kostime imepigwa pasi, Dieudonné ananipepea. Nikabapungia bantu ba kando ya barabara. Bengine bakapunga.

Mai Kamtukule alinikumbuka. Akaniita Bambo Lwaboshi. Nikamnong'oneza Dieudonné kwamba kazi imekwisha, sasa tumekuwa ndugu.

Akaomba niwashe.

Neema akakataa. Nikajaribu tena, akapiga kikohozi kimoja kikavu, basi. Bashofere ba nyuma yetu bakachoka kungoja, bakashuka bakatusukuma uwanja mzima, huku na huku, bakimtaja mama yangu kwa Kichewa. Mara ya tatu akawaka.

Kumbe moshi haukuwa umeisha. Ulikuwa umejificha ndani, na ulikuwa unazaliana.

Uwanja ukapotea. Nilisikia milango inafungwa, madirisha yanafungwa, mtu anauliza kwa sauti kama ni saa ya kwenda nyumbani. Kisha Mai Kamtukule akatokea polepole kutoka kwenye wingu, na kadi yake mkononi. Kadi nzima sasa ilikuwa na rangi moja. Akaifuta na koti. Akaniuliza kama nilifanya aliyonielekeza. Nikamjibu kwa ukweli, nimefanya kila kitu isipokuwa hayo. Akafumba macho kidogo. Akasema kesho ni Ijumaa, bakaguzi banafunga saa sita, baada ya hapo ni Jumatatu.

Tumerudi Dzaleka kwa moteri ya Neema mwenyewe. Hakuna haja tena ya kumlaza.

Habari zilifika kabla yangu. Charlotte hakunigombeza. Alikaa jikoni na Nadège, na mi nilikuwa nje nanawa uso. Nikamsikia anauliza kama gauni la arusi linaweza kukaa mpaka Septemba bila kuliwa na wadudu.

Hapo niliumia. Naandika hivyo hivyo, niliumia. Nikaketi juu ya matofali ya nyuma, sikuweza kuingia. Nimemwambia Nadège kesho nikishindwa nitamuachia Mahamudu. Akauliza kwa nini nisimuachie leo. Nikasema kesho.

Ijumaa, 20 Julai.

Wizi! Na ushindi! Naanza na wizi.

Nimeamka nikakuta kando ya gurudumu la Neema rundo la vumbi jeusi, nyasi, na manyoya ya kuku. Na debe limejaa oili. Nadège akasema, bila hata aibu, kwamba Mahamudu alikuja alfajiri, akakunja mikono ya kanzu, akalitoa chujio la hewa, akalipigapiga ukutani mpaka majirani bakafikiri ni mlango. Kisha akamwaga oili ya Neema, akatia yake.

Nikaenda kutazama. Oili ya Neema, nyeusi, nzito, yenye uzoefu wa miaka yote, imo kwenye debe. Ndani kaweka kitu chembamba cha rangi ya asali, akidhani sitagundua. Chujio limebaki tupu, karatasi tu. Nikataka kwenda kwake mara moja. Nadège akasema saa inakwenda.

Sasa ushindi. Jana juu ya yale matofali nilikuwa nafikiri, na nikapata jambo. Moshi mbaya ni moshi unaonuka. Moshi wa udi bantu banaulipia. Hawaufukuzi, banaufuata chumba mpaka chumba. Kwa nini? Harufu! Jana jioni nikaenda kwa Zaina, mke wa Mahamudu, anayeuza maji ya waridi ya arusi na maulidi. Akaniuliza ni ya bibi arusi? Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

Nikatia kifuniko kimoja cha hayo maji kwenye tangi. Nilitaka kutia chupa nzima, Nadège akaninyang'anya. Tukagombana. Majirani bakaja kuamua. Ugomvi ulipoisha jua lilikuwa limepanda, na bakaguzi banafunga saa sita.

Sijawahi kuendesha vile. Neema hakujua kwamba anaweza. Kuku, baiskeli, basi la abiria, wote nyuma! Dieudonné alisali Zaburi zote anazozijua, akarudia za mwanzo. Tulipofika moteri ilikuwa inatoa joto la jiko la mikate, sikuweza kuweka mkono. Nikajua tumekwisha. Nikakanyaga mafuta macho yamefumbwa.

Hakuna aliyekohoa. Nikafungua jicho moja. Mai Kamtukule alikuwa anaweka kidole kwenye kadi, kwenye rangi ya pili kutoka nyeupe. Akanipa alama. Akatoa stika. Akaniuliza, sasa ulifanya niliyokuambia? Nikamkonyeza, nikamwambia waridi. Hakuelewa. Wakaguzi na elimu yao.

Nimeibandika stika kwa mkono wangu. Tumerudi tukiimba. Charlotte alipoiona kwenye kioo alinirukia shingoni, na Nadège akalia kidogo, akasema ni kitunguu. Nimemsamehe Mahamudu ile oili. Leo namsamehe kila mtu.

Jumamosi, 21 Julai. Biwi, jioni.

Nitaandika kwa utaratibu, kama nitaweza.

Niliamka kabla ya wote. Nikawaza hivi: kifuniko kimoja kimefanya muujiza mbele ya serikali. Leo ni siku ya Charlotte. Nikachukua chupa tatu kubwa za maji ya waridi, nilizonunua kwa Zaina jana jioni, nikazimimina zote kwenye tangi. Nilitaka Biwi nzima inuse kwamba binti wa ukoo wetu amefika.

Tukatoka vizuri sana. Charlotte mbele na mi, mweupe mzima, mikono miwili juu ya magoti. Nyuma Nadège, bamama, Dieudonné na nusu ya kwaya. Mahamudu akatufuata na gari lake na masufuria ya karamu. Hakuna aliyemuomba, nilidhani anatupeleleza. Polisi bakaona stika, bakapiga saluti. Nikarudisha saluti. Kwaya ikapandisha sauti.

Mji ulikuwa umeanza kuonekana. Neema akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akanyamaza.

Dieudonné akafungua boneti, akainamisha sikio, akasikiliza muda mrefu, akasema stesheni haipatikani. Nikajaribu kuwasha mpaka betri ikalegea. Bamama bakasukuma. Upepo wa Julai ukaja na vumbi lake jekundu, bakamzunguka Charlotte na vitenge ili gauni lisipate. Aliendelea kutazama barabara ya mjini.

Mahamudu akasimama. Hakucheka, ingawa nilingoja acheke. Akashusha masufuria kando ya barabara, akafuta kiti na kanzu yake, akafungua mlango.

Mi nikasimama mbele ya ule mlango. Kwa nini, sijui. Nikasema niliapa kwa baba yake. Nikasema nipe dakika, itawaka. Nikasema kama yaya wangu iko hai mahali fulani, atauliza binti yake alifikishwa na nani, na mi nitamjibu nini? Kwamba nilimpakia kwenye gari ya mtu nikabaki na boneti?

Charlotte akakusanya gauni mkononi. Akaniambia, baba mudogo, baba alikuachia mi, hakukuachia gari. Ingia. Akasogea kwenye kiti, akanipa nafasi, akanishika mkono akanivuta ndani.

Nililia mpaka Biwi. Nikamwambia Mahamudu ni moshi. Gari lake halina moshi hata kidogo, lakini akasema ndiyo, jirani, moshi mbaya sana, akafungua dirisha.

Tukafika mchungaji amesimama mlangoni na sanduku lake la safari miguuni, anatazama saa. Saa nne ilikuwa haijafika. Gaspard alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye yale masikio. Nikatembea na Charlotte mpaka mbele, mkono wake ndani ya mkono wangu, nikauweka kwenye mkono wa Gaspard. Nikataja jina la baba yake, Mulenda, kwa sauti, bantu bote basikie ni binti wa nani. Charlotte akalia, mi nikalia tena, Mama Annuarite akalia, yeye ambaye banasema hajalia tangu Uvira.

Nimemfikisha, yaya. Kwa mkono wangu.

Kwaya ilifika kwa miguu, masufuria vichwani, tulipokuwa tumeshaanza kucheza.

Jumapili, 22 Julai. Dzaleka.

Nimeamka mtu mpya. Arusi inamfundisha mtu.

Mahamudu alimvuta Neema mpaka nyumbani. Dieudonné amefungua tangi, akakuta maji. Mengi. Akakuna kichwa, akasema pengine ni yale ya waridi. Nikamuuliza, kwa upole, Ijumaa tulipita na nini? Kifuniko kimoja kikufikishe kwenye rangi ya pili kutoka nyeupe, halafu chupa tatu zikuharibie? Hesabu hiyo haiko. Ni ile oili nyembamba, Neema hakuizoea. Dieudonné amekubali.

Lakini jambo kubwa la leo si hilo. Nimekaa nikamfikiria Mahamudu. Nilimdhania vibaya. Alifuta kile kiti na kanzu yake mwenyewe, nilimuona. Mtu kama huyo nilimuita adui! Nimemwambia Nadège kwamba kuanzia leo Mahamudu ni ndugu yangu, na ndugu nitamfanyia ya ndugu. Nadège akasema hatimaye.

Basi leo mchana, Zaina akaniambia mumewe kesho alfajiri anaenda kontrole ya moshi, stika yake inaisha. Ana wasiwasi kidogo, masikini, kama kila mtu. Nikanunua chupa nne. Zaina akauliza kuna arusi ya nani tena. Nikamwambia ni siri.

Mahamudu alikuwa msikitini. Tangi lake halina kufuli, anaamini bantu sana. Nimemimina zote nne, mpaka tone la mwisho, nikafuta mfuniko na leso asijue.

Sasa amerudi. Namuona kutoka dirishani. Anapangusa kioo cha gari lake jeupe, anaimba chini chini. Sitamwambia ni mi. Mai Kamtukule atamwambia mwenyewe.